Jozi Iliyorukwa Mara Mbili

Chini ya ngazi za hospitali kulikuwa na chumba cha kumbukumbu, na ndani yake mwanamke waliyemwita Bi Kadi. Miaka kumi na tisa alikaa humo, katikati ya makabati ya chuma, chini ya taa iliyotetemeka hata mchana kweupe. Alijua vizuri kwamba mgonjwa mmoja anaweza kuwa na kadi nne, kwa sababu kila karani aliandika jina alivyolisikia.

Ndipo ikaletwa kompyuta ya kuunganisha kadi hizo.

"Itajuaje huyu ndiye yule?" alimuuliza fundi.

"Kwanza inayatamka majina kimoyomoyo, Bi Kadi. Yakikaribiana kwa sauti, inahesabu: nibadilishe herufi ngapi ili hili liwe lile? Zikiwa chache, inakuletea wawili hao."

"Kumbe umeniletea mshenga!"

"Mshenga haswa. Kazi yako kukubali tu au kukataa."

Basi jina likawa hilohilo. Mshenga akileta jozi, Bi Kadi alibonyeza *mmoja*, na kadi kuukuu ikaenda kuchomwa. Akibonyeza *wawili*, alitakiwa kuandika sababu. Akiwa na shaka, aliruka. Lakini jozi iliyorukwa mara tatu, mashine iliiunganisha yenyewe.

Wiki za mwanzo alipima kila jozi kama dhahabu. Baadaye mkono ukazoea. Mmoja, mmoja, mmoja. Na Mshenga alikuwa akiutazama mkono huo. Kadiri alivyokubaliwa ndivyo alivyozidi ujasiri, akileta watu waliokaribiana kidogo tu.

Jumatatu moja, kabla ya chai, Mshenga alimletea Bi Kadi jina lake mwenyewe.

Lilikuwa upande wa kulia. Kushoto jina lililolipita kwa herufi moja. Mama yuleyule, tarehe ileile ya kuzaliwa. Bi Kadi akacheka peke yake, kisha akaenda kabatini kuzitoa kadi zenyewe.

Ya kushoto ilikuwa ya mtoto mnene. Alipimwa kila mwezi bila kukosa, mstari wa uzito ukipanda vizuri, hadi mwezi wa tisa. Baada ya hapo karatasi nyeupe. Ya kulia, yake, haikuwa na mwanzo. Ilianza mtoto akiwa na miaka miwili na nusu, na muuguzi alikuwa ameandika: *Kadi ya kwanza imepotea. Hatembei. Haongei. Amedumaa.* Neno la mwisho alilipigia mistari miwili.

Bi Kadi akajitazama miguu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba alidumaa.

Akaruka. Jumanne, jozi ya kwanza kabisa kwenye kioo ilikuwa ileile. Akaruka tena. Jumatano akafungua mashine, na wale wawili walikuwa wameshafika, wanamngoja.

Akampigia mama yake.

"Mama, nilipokuwa mdogo nilichelewa kutembea?"

"Wewe? Ulitembea mapema hadi majirani wakashangaa. Kwa nini?"

Akamsomea kadi zote mbili. Upande wa pili akasikia kiti kikivutwa.

"Mama?"

"Kliniki waliniuliza, huyu ndiye yule uliyekuwa ukimleta? Mwanangu, kusema hapana ni kusema yule yuko wapi. Sikuweza. Nikasema ndiye. Tarehe ya kuzaliwa wakauliza, nikawapa ya kwake. Wewe ulikuwa na miezi kumi mgongoni, wanakushangaa hutembei."

"Kwa hiyo nilikuwa na dada."

"Unaye. Hiyo kadi yake iko hapo? Unaishika?"

"Naishika. Nikiruka leo wataunganishwa, na hii itachomwa."

"Usiache ichomwe, mwanangu. Sina picha yake. Sina kingine."

Bi Kadi akabonyeza *wawili*. Mshenga akauliza sababu. Akaandika: mmoja amefariki. Mshenga akataka tarehe, na mama akaitaja kabla hajamaliza kuulizwa: siku, mwezi, mwaka, hata saa, asubuhi, maji yakiwa jikoni yanachemka.

Majina yakaachana kwenye kioo. Bi Kadi akaifuta tarehe ya kuzaliwa upande wake, ikabaki kushoto tu, kwa mwenyewe. Kulia, chini ya jina la Bi Kadi, nafasi ikawa tupu, na kialama cha kuandikia kikaanza kuwaka na kuzima.

"Na mimi, mama? Nilizaliwa lini?"

Akamsikia mama yake akitafuta. Alitafuta muda mrefu, akinong'ona miezi.

"Mvua ilikuwa inanyesha," alisema mwishowe, sauti imepungua. "Nisamehe, mama yangu. Wakati wote huo nilikuwa bado nahesabu siku za yule."

Kialama kikawaka, kikazima. Bi Kadi akaiweka kadi ya dada yake kwenye mkoba, akaufunga zipu, kisha akaketi mbele ya ile nafasi tupu.