Kahawa Juu ya Paa

Hasira ile sijaimaliza mpaka leo, na wala sina haraka nayo.

Jengo lilikuwa kando ya barabara pale Isingiro, la zege juu mpaka chini, paa lake bapa. Miaka ya themanini ikielekea ukingoni, kila aliyeuza kahawa vizuri alitaka paa la namna hiyo, naye aonekane mtu. Haya, lakini paa bapa halijitunzi. Mimi ndiye niliyekwangua lami iliyokufa, nikaziba nyufa, nikamwaga lami mpya ya moto mpaka nyusi zikaungua. Nikamwambia mwenye jengo: "Mzee, maji yana mlango mmoja tu, bomba hili la kona. Lisizibwe. Na huku juu pasianikwe kitu."

"Nimekusikia, mwanangu."

Amesikia wapi! Kiangazi kilipokolea akaanika kahawa yake huko huko juu, na reki yake ya chuma ikaiparura lami yangu kama kuku anayetafuta minyoo.

Chini ya paa hilo mke wangu alipanga chumba cha kushonea. Wiki hiyo alikuwa amemaliza magauni meupe ya wasichana wa kipaimara, kayatundika ukutani yakisubiri Jumapili.

Ijumaa mvua ikashuka ghafla. Mke wangu akaja mbio kuniita: "Kunavuja, njoo!" Nikapanda ngazi. Maji yalinifika vifundoni, kahawa inaelea, na mzee kachuchumaa konani. Alikuwa amelisokomeza bomba gunia, kwa mikono yake mwenyewe, ili kahawa isichukuliwe na maji!

Hata shikamoo sikumpa. "Toa hilo gunia!"

"Ngoja kwanza niizoe, mwanangu, kidogo tu."

Ati ngoja! Nikamsukuma begani, mtu wa umri wa baba yangu, nikalichomoa. Kahawa ikaporomoka hadi barabarani kwenye tope. Akapiga yowe kama kafiwa.

Nikashuka. Mke wangu alikuwa amesimama katikati ya chumba, kayakumbatia magauni, yana michirizi ya kahawia toka mabegani mpaka kwenye pindo.

Jioni mzee akabisha hodi. Nikadhani kaja kuomba radhi.

"Mama," akamwuliza mke wangu, "gauni la mjukuu wangu limepona?"

Mke wangu akalitafuta kwenye rundo, akamwekea mikononi likichuruzika.

"Hili hapa, mzee. Kalianike juu."