Aliyeomba Kusindikizwa

Mwanangu, kuna Jumapili moja naikumbuka vizuri kuliko siku niliyofunga ndoa. Ningependa iwe kinyume chake, lakini kumbukumbu haimuulizi mtu anataka nini. Ulikuwa mwaka uliofuata ule wa Kombe la Dunia kuchezwa hapa Afrika Kusini, na mjini Durban vuvuzela zilikuwa bado zinauzwa kwa bei ya kutupa. Nilikuwa binti mdogo, nimeolewa juzijuzi, nasuka nywele kwenye saluni moja katikati ya mji. Nakusimulia leo kwa sababu nimesikia wewe na wenzako mmepanga kwenda kuvua Jumamosi. Nimewauliza kwa nini Jumamosi, mkanijibu kwamba ndiyo siku ambayo wote hamna kazi. Basi keti. Chai ipo.

Mume wangu aliitwa Deo. Alikuwa Mrundi mwenzangu, mtoto wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako mtoto wa kiume hujifunza kupiga kasia kabla ya kufunga kamba za viatu. Hapa alikuwa mlinzi kwenye geti la majumba kule Westville, kazi ya kusimama na kusalimu magari, na kila alipovua sare alirudi kuwa mvuvi. Usidhani alikuwa mzembe. Watu wakisikia mtu amekufa maji hupenda kusema alikuwa mzembe, maana ikiwa hivyo wao wako salama. Deo alikuwa mtu wa kupanga mpaka nikachoka naye. Chumvi ya samaki aliifunga kwenye mifuko miwili. Ndoano zake zilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga, kila saizi na kitambaa chake. Nilikuwa namtania kwamba angenipanga na mimi mle koponi kama ningeingia.

Na safari zake alizipanga kwa mwezi. Kwetu ziwani wavuvi wa ndagala, dagaa wa kwetu, hutoka siku za giza. Mwezi ukiwaka, samaki hawana haja na taa za karabai, kwa hiyo watu hushona nyavu na kulala. Giza likirudi, ziwa zima linajaa taa. Deo alikuja na sheria hiyo mpaka Durban, akaiongezea maelezo yake mwenyewe: usiku wa giza samaki haoni chakula, kwa hiyo mchana wake ana njaa na anauma ndoano ovyo. Ilikuwa inaingia akilini, na mara nyingi alirudi na samaki. Ila siku zote hizo alikuwa anavulia ukutani, karibu na bandari, mahali ambapo maji yapande au yashuke, wewe umesimama juu ya saruji.

Sheria ya ziwa ilikuwa na pengo. Ziwani maji hayapandi na kushuka kila siku kama ya bahari, kwa hiyo hakuna aliyetufundisha kwamba siku za giza, sawa na siku za mwezi mpevu, ndizo bahari inaposhuka mno na kupanda mno. Ndugu zetu wa pwani ya Tanzania huziita siku za bamvua. Mimi neno hilo sikuwahi kulisikia, na Deo vilevile. Bi Zuhura wa Tanga, aliyekuwa anauza makava ya simu mlangoni pa saluni yetu, alilijua tangu utotoni. Jumamosi nilimwambia, "Kesho tunakwenda kuvua kwenye miamba," naye akaniombea safari njema na kuniagiza nimletee kichwa cha samaki. Nani angemuuliza mke wa mvuvi kama mumewe anajua maji?

Tulikwenda watu wanne kwenye pikapu ya Fiston, Mkongomani aliyekuwa analinda geti pamoja na Deo. Wa nne alikuwa Mzee Anselmi. Huyu kule Rumonge ndiye aliyekuwa na mitumbwi, na ndiye aliyemfundisha Deo kazi. Vita vikawatawanya, wakaja kukutana tena hapa, mzee akiwa anashona viatu kwenye ngazi fulani karibu na kituo cha teksi, daladala za huku. Deo alimwita baba, na mimi mzee aliniita mkwe. Lakini safari ilikuwa ya Deo. Yeye ndiye aliyechagua siku, chambo na mahali. Mzee alikuwa abiria tu, na alilipokea hilo kwa furaha ya mtu anayeona mtoto wake amekua.

Tulifika asubuhi, kusini mwa mji, chini ya kilima chenye vichaka. Maji yalikuwa yameondoka. Miamba ambayo siku nyingine ungeona povu tu juu yake ilikuwa imesimama mikavu, na katikati yake vidimbwi vyenye kaa wadogo. Deo alifurahi mno.

"Mnaona?" alisema. "Leo bahari imetufungulia mlango."

Akavuka korongo dogo ambalo maji yake yaliishia vifundoni, akapanda mwamba wa mwisho kabisa, Fiston nyuma yake. Jua lilikuwa kali, hakuna upepo hata wa kutikisa kitenge changu. Samaki wakaanza kuuma.

Mzee Anselmi hakutupa ndoano. Alisimama mchangani akitazama mawimbi, mkono juu ya macho, muda mrefu mpaka nikamuuliza kama anaumwa. Baadaye alivuka lile korongo taratibu, nami nimemshika kiwiko, akamfikia Deo.

"Mwanangu, goti limenishika," alisema. "Nisindikize mpaka barabarani nipate teksi."

"Kaa kidogo hapo, baba. Litaachia."

"Hili haliachii. Twende, unisindikize."

"Samaki wanauma hivi?" Deo alicheka, akanigeukia. "Esperansi, msindikize mzee. Usimwache mpaka apate gari."

Mzee alibaki amesimama. "Nilitaka wewe," alisema.

"Mke wangu ni sawa na mimi, baba."

Nilikasirika, sikufichi. Nilikuwa nimeamka mapema kukaanga maandazi, nikitegemea kushinda pwani siku nzima, na sasa napandishwa kilima na mzee mwenye goti. Tena nikaona kwamba goti lile lililomshika kule chini halikumsumbua sana kupanda. Nikasema moyoni, wazee wakichoka na jua wana visingizio. Jumapili teksi ni chache, kwa hiyo tulisimama pale barabarani mpaka nikaanza kupiga miayo. Hatimaye ikaja moja. Mzee alinishika mkono kabla ya kupanda.

"Ukirudi mwambie Deo nimesema arudi nyumbani."

"Kwa nini, baba?"

"Mwambie tu baba amesema."

Nilikuwa katikati ya kilima, nashuka, upepo wa kusini ulipoingia. Ulikuja ghafla, wa baridi, ukanijaza mchanga machoni. Nilipofika chini, korongo la vifundoni halikuwepo tena. Maji yalikuwa yameingia kwa nyuma, upande wa nchi kavu, ilhali mbele, walikokuwa wanatazama wao, mwamba ulikuwa bado unaonekana. Mvuvi wa ziwa hutazama mbele, kwenye maji mapana, kwa kuwa dhoruba ya kwetu hutokea huko. Fiston alikuwa amelala kifudifudi mchangani, magoti yamechunika, anatapika maji ya chumvi.

"Maji iko mingi, mama," aliniambia. "Nilimuita. Anasema anakusanya vitu."

Deo alikuwa amechuchumaa juu ya mwamba, anarudisha ndoano kwenye kopo. Nilimwita kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Alininyanyulia mkono, kiganja wazi, kama mtu anayesema nakuja. Akatia kopo kwenye begi, akafunga zipu, akashuka. Wimbi la kwanza alilimudu. La pili sikuona lilivyomchukua, niliona begi tu likielea. Fiston alinikamata kiuno nisiingie, nikamng'ata mkono, na alama anayo hadi leo. Niliita mpaka sauti ikakatika. Sitaki kukwambia mengi ya saa ile. Nilimpenda mtu yule, na nilikuwa na ujumbe wake kutoka kwa baba yake mdomoni, na sikuwahi kumpa.

Polisi wa majini walimpata baadaye, tukamzika huku huku, mbali na ziwa lake. Matanga tuliyaweka kwenye chumba chetu kule Queensburgh, nyuma ya nyumba ya watu. Bi Zuhura alikuja, akakaa nami mkekani, akalia kuliko hata mimi. Ndipo aliponieleza bamvua ni nini. "Nilijua mumeo mvuvi, shoga," alisema. "Ningeanzia wapi kumwambia?"

Mzee Anselmi alikuwa anakuja kila siku na kukaa karibu na mlango. Sikumtazama. Watu walipokwisha kutawanyika na kila mmoja amerudi kazini kwake, nilimfuata kwenye ngazi zake za viatu, nikamuuliza mbele ya wateja, "Goti lako linaendeleaje, baba?"

Aliweka chini kiatu cha watu.

"Goti halikuwa na kitu, mkwe," alisema. "Ni yale mawimbi. Kwetu wimbi lina upepo wake. Upepo ukilala, ziwa nalo linalala. Siku ile upepo umelala, na mawimbi yanakuja, makubwa, yanakuja tu. Nikajiuliza yanasukumwa na nini. Umri wangu wote majini, sikupata jibu. Nikaogopa."

"Na hukusema."

"Ningesemaje? Deo ndiye nahodha. Nimwambie mbele ya mkewe na mwenzake wa kazi kwamba hajui maji? Nikaona afadhali anisindikize. Deo hajawahi kukataa kunisindikiza." Alifuta macho kwa kiganja chenye gundi. "Nilikwenda kumchukua yeye, nikarudi na wewe."

Nilitaka kumchukia mzee yule, na kwa muda mrefu nilimchukia kweli. Nilikuwa nazunguka barabara nyingine nisipite kwenye ngazi zake. Baadaye nilichoka, nikaanza kumpelekea chakula, kwa sababu sisi wawili tu ndio tuliokuwa tunamkumbuka Deo kila siku, na huzuni ya peke yako ni nzito kuibeba. Hakuniomba msamaha. Siku moja tu aliniambia, akiwa ameinamia soli, "Mkwe, ukimwona kijana anakwenda kwenye maji usiyoyaelewa, mwaibishe. Mwaibishe mbele ya watu wote, akuchukie." Amekwisha fariki, Mungu amrehemu.

Ndiyo maana leo nakuaibisha wewe, mwanangu, mbele ya wenzako na mbele ya chai yangu. Jumamosi yenu nimeitazama. Ni siku ya giza. Mmeichagua kwa sababu bosi amewapa nafasi, na bahari haina habari na bosi wenu. Subirini mwezi ufike nusu, siku ambazo watu wa pwani wanasema maji yamekufa, hayaendi mbali wala hayarudi kwa kishindo. Kabla hujatia mguu kwenye mwamba, jua maji yanaanza kurudi saa ngapi, na saa hiyo ikukute umeshavuka, hata kama samaki wanauma. Hasa kama samaki wanauma. Siku hizi simu zinawaambia hayo, ni vizuri, lakini muulize na mtu anayevua pale pale, maana simu haiujui mwamba wako. Geuka utazame nyuma yako kila mara. Ukikuta mawimbi makubwa na upepo umetulia, upepo wake uko mahali usipopaona. Kaeni juu kwenye nyasi, mle mikate yenu, mrudi. Na maji yakianza kuingia, acha vitu. Fimbo ya kuvulia, begi, samaki wenyewe, acha.

Lakini hayo yote Deo angejifunza kwa siku moja kama mtu angefungua mdomo. Mimi nimewaza miaka mingi, na hapo ndipo ninapofika kila mara. Ukiogopa, sema naogopa. Usiseme goti, usiseme tumbo, usiseme una wageni nyumbani. Usijali kwamba mwenzako ni fundi, amezaliwa majini, ana miaka mingi kuliko wewe. Mwambie haya maji siyaelewi na nadhani wewe pia huyaelewi. Atakununia. Na siku mkubwa wako atakapokwambia nisindikize, weka chini ulichoshika, umsindikize wewe mwenyewe, usimtume mkeo. Sababu utamuuliza mkifika barabarani.

Haya, maliza chai yako. Mungu akutangulie, mwanangu. Akuwekee karibu watu wasiokuonea haya, na akupe masikio ya kuwasikia wanapokukatalia. Urudi mikono mitupu, urudi umenuna, unilaumu mwaka mzima kwamba yule mama alituharibia Jumamosi yetu. Lakini urudi.