Oili ya Jenereta kwenye Gari la Wagonjwa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya magari ya serikali Lindi mjini, sikushika spana. Mkuu wa Karakana aliitikia shikamoo yangu, akanipeleka stoo kwenye rafu za makopo ya oili.

"Binti, unajua kusoma?"

"Najua, mzee."

"Basi soma haya. Ukimaliza uniambie lipi ni la injini ipi."

Nilisoma mpaka adhuhuri. Nikajifunza kuwa namba ya kwanza, ile yenye herufi W, inaeleza jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, na ya pili uzito wake injini ikishapata moto.

Miaka mingi baadaye nilihamishiwa Kilwa Masoko kuwa fundi wa gari la wagonjwa. Lilikuwa la dizeli, lenye turbo. Turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa ndani na kuongeza nguvu. Inazunguka kwa kasi kubwa mno, kwenye moto mkali, na shafti yake inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili nzito inachelewa kufika pale. Oili duni inaungua na kuziba njia. Kitabu cha gari letu kilitaka 5W-30 ya dizeli yenye turbo, nami niliweka hiyo tu.

Asubuhi moja, nikiwa nimeshamwaga oili ya zamani na kubadilisha filta, simu ikaja: kuna mama mjamzito, uchungu umekwama, apelekwe Lindi haraka. Nikajaza oili mbiombio, dereva akaondoka. Nilipookota makopo matupu ndipo nikaona. Nilikuwa nimeweka oili nzito ya jenereta letu kuukuu.

Hakuna aliyeniona. Ningeweza kuyatupa makopo yale, na turbo ikifa watu wangesema gari limechoka. Nilikwenda kwa Afisa Usafirishaji, mtu mkali ambaye sikuwahi kumwona akicheka, nikamweleza yote.

Hakunigombeza. "Piga simu," alisema.

Nikapiga namba ya dereva. Aliyepokea ni nesi aliyekuwa naye garini. Nikamwomba amwambie dereva apunguze mwendo, asiibane injini.

"Mama huyu hawezi kusubiri," nesi akasema. "Unataka twende polepole?"

Afisa akachukua simu. "Nendeni vilevile. Taa ya oili ikiwaka, simameni, tuko nyuma yenu. Mkifika, dereva asizime injini ghafla. Aiache ingurume taratibu, turbo ipoe kwanza."

Tulipakia oili sahihi kwenye pikapu, tukawafuata. Kila kona nilitegemea kuwakuta kando ya barabara, boneti ikiwa wazi. Tukapita Mchinga, barabara tupu. Sijawahi kufurahia barabara tupu namna ile.

Hospitalini tulimkuta dereva bado ameketi kwenye usukani, injini inanguruma.

"Mliniambia nisizime ghafla," alisema. "Hamkuniambia nizime lini."

Afisa Usafirishaji akacheka. Mara nesi akatoka. "Amejifungua. Wa kike, na mama mzima, alhamdulillahi."

Nikakaa chini barazani.

Oili tuliibadilisha karakana ya Lindi. Injini ilipopoa niliitikisa shafti ya turbo kwa vidole. Haikucheza hata kidogo. Mkuu wa Karakana wa wakati huo akaniambia, "Safari moja haiui turbo, mama. Kinachoua ni mazoea ya kuweka chochote."

Sasa nimestaafu, naishi Rasbura, hapa Lindi. Vijana wenye magari ya turbo huniuliza oili ipi ni bora kuliko zote. Nawajibu kuwa hiyo haipo. Ipo inayoifaa injini yako. Na ukikosea, sema gari likiwa bado njiani.

Miaka yote ile, simu ikilia asubuhi nilisimama wima kabla ya kuipokea. Asubuhi ya kwanza ya kustaafu ililia nikiwa nakunywa chai. Alikuwa dada yangu wa Milola, anauliza nitakwenda lini kula mihogo.

Nikamwambia, "Leo."