"Karibu" na "Karibuni"

Neno "karibu" leo limenitia kinyaa.

Kuna kiprogramu nilichokitengeneza hapa ofisini kwetu, idara ya afya Bagamoyo. Kinatafuta kwenye skrini dirisha la mfumo wetu kwa jina lililoandikwa juu yake, kisha kinajaza orodha humo chenyewe.

Kwangu dirisha linaitwa "Karibu Salum". Safi.

Asubuhi nikakiweka kwenye kompyuta ya Bi Mwanahawa, tunakaa meza jirani. Kikagoma. Kumbe kwake dirisha linaitwa "Karibu Mwanahawa".

(Aliyeona kila mtu lazima akaribishwe kwa jina lake ndani ya kompyuta, sijui alilelewa na nani.)

Nami kwa uvivu wangu nikafupisha. Nikakiamuru kitafute dirisha lolote linaloanza na "Karibu".

Bi Mwanahawa alikuwa amefungua pia kadi ya harusi ya binti yake. Faili linaitwa "Karibuni Harusini".

Orodha yote ikamwagika humo, chini ya Bismillahi.

Orodha ya nini? Ya kaya za Miono zisizo na choo.

Kikahifadhi chenyewe, maana ndivyo nilivyokifundisha. Bi Mwanahawa, bila kuitazama tena kadi, akaituma kwa wakwe.

Wakwe wako Miono. Jina la tatu kwenye orodha ni la baba wa bwana harusi.

Nimejichukia. Mwenye la kunisema aseme, nimestahili.

Jibu la mkwe limeingia sasa hivi. Bi Mwanahawa amenisomea bila kunitazama:

"Kadi tumeipata, mkwe. Choo tunaanza kuchimba kesho. Mngetuambia tu siku ya posa."