Mkanda Kifuani kwa Kishor

Bi Lila wa Wembley si mwoga. Nasema hivi kwa sababu nimechoka na majirani wanaomcheka, na wao wenyewe ukiwagongea mlango magharibi ikishapita, hawafungui.

Mimi Jokha ndiye ninayemtunza. Yeye ni wa Jinja, mimi wa Pemba; Kigujarati sikijui, kwa hiyo tunaelewana kwa Kiswahili. Mwaka 1972, Wahindi walipofukuzwa Uganda, askari walimsimamisha yeye na mumewe Kishor njiani kwenda uwanja wa ndege. Bangili zake zikavuliwa. Askari mmoja, bunduki ikining'inia kwa mkanda wa ngozi uliopita kifuani, alimlaza Kishor vumbini, akamkanyaga shingo. Walipochoka kucheka wakawaachia.

Huku London, Kishor aliyekuwa na duka lake la vitambaa kule Jinja alipata kazi ya ukondakta wa basi. Siku ya kwanza alirudi na sare yake, mfuko wa chenji umening'inia kwa mkanda wa ngozi kifuani, anatabasamu. Lila alifungua mlango, akatetemeka, akamgeuzia mgongo na kukimbilia jikoni. Kesho yake vivyo hivyo. Mwenyewe hakujua kwa nini. Hakumfikiria askari wala Uganda. Alidhani ni baridi.

Kishor naye alikuwa na jibu lake tayari. Mtu wa duka, mwana wa mtu wa duka, leo anakata tiketi: mke ataachaje kuona haya? Hakuuliza. Akawa anavua sare kazini na kurudi na shati la kawaida, na Lila akafurahi kwamba ule mtetemo umekwisha. Hekaluni na arusini, akiulizwa kazi yake, Kishor alijibu kwamba yuko ofisi ya usafiri. Lila alidhani ni majivuno ya kiume, akanyamaza. Ndoa nzima ikaenda hivyo. Natamani ningewashika wote wawili niwagonganishe vichwa.

Mwaka jana, Kishor ameshafariki, Bi Lila alianguka mlangoni mwa hospitali alipomwona mlinzi mwenye mkanda kifuani. Daktari Parminder akatueleza, mimi nikitafsiri. Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo, amigdala, ambayo kazi yake ni kupiga kelele za hatari. Jirani yake, hipokampasi, hutunza mambo yalitokea wapi na lini. Hofu ikiwa kubwa mno, wa kwanza hushika vipande tu: mkanda, harufu ya ngozi. Wa pili huzidiwa, akashindwa kumwambia mwenzake, "Tulia, hapa ni Wembley, huyu ni mumeo." Mwili hutetemeka, na mwenye mwili hajui anakumbuka nini.

Bi Lila akanishika mkono.

"Kwa hiyo mimi naogopa mkanda," akasema. "Hapana Kishor. Jokha, na yeye alidhani mimi naona haya!"

Iliniuma. Ndipo aliponisimulia siku Kishor alipostaafu. Wenzake walimfanyia pati kule gereji ya mabasi, kila mtu na mkewe. Yeye alikwenda peke yake. Alirudi, akakaa kitini, akasema, "Basi, Lila, sasa huna tena cha kuonea haya." Lila alicheka, akamtilia chai, akidhani mumewe anatania.