Mkeka Uliosomeka

Sifa njema zote zamstahiki Mola, aliyelipa jua mwanga, akayapa maji uwezo wa kuurudisha, na akatupa sisi macho ya kuviona vyote viwili. Ninamshukuru kwa umri alionijaalia, na kwa vidole ambavyo mpaka leo vinashika sindano, ingawa kutia uzi tunduni sasa ni kazi ya wajukuu. Namsalia Mtume wake na watu wake. Baada ya hayo, nasimulia.

Mambo haya yalitokea Tongoni, katika miaka ya hamsini. Nilikuwa mke kijana, nimeletwa pale kutoka kwetu Mkwaja. Mume wangu alikuwa mchoma chokaa, na nyumba yetu ilijulikana kwa kuta zake nyeupe kuliko zote za jirani, kwa sababu chokaa iliyobaki tanurini aliipaka kwake. Tuliishi na mama yake, na dada yake mdogo ambaye alikuwa ameachwa na mume akarudi nyumbani. Sisi wanawake watatu tulisuka mikeka. Asubuhi tukimaliza kazi za jikoni tulikaa uani, kila mmoja na ukili wake, yaani ule mkanda mrefu mwembamba unaosukwa kwa majani ya ukindu. Kili zikishatosha hushonwa ubavu kwa ubavu, ndipo mkeka unapozaliwa.

Mimba zangu mbili za mwanzo ziliharibika. Ya tatu Mungu aliijaalia, nikapata mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti. Lakini kutembea hakutembea. Watoto wa rika lake walikwisha kukimbiza kuku, yeye alikuwa bado anakaa alipowekwa. Mama mkwe alimkanda miguu kwa mafuta ya nazi, akampeleka pwani kumfukia mchanga wa moto mpaka kiunoni, kama walivyofanya wazee wetu. Wapi. Siku moja baada ya swala ya alasiri nilibaki nimekaa palepale, nikasema kwa kinywa changu: "Ewe Mola, mtoto huyu akitembea, nitasuka mkeka wa msikitini kwa mkono wangu mwenyewe, watu waswali juu yake."

Asiyejua nadhiri ataona ni maneno tu. Sisi tulifundishwa chuoni kwamba nadhiri ni deni la Mungu, na mwenye deni hilo hatulii mpaka alitimize kama alivyolitamka, si kwa kupunguza wala kwa kubadilisha.

Haikupita miezi mingi. Mume wangu alikuwa amepaka chokaa mpya ukuta wa uani. Nilikuwa nimeweka beseni la maji juani yapate uvuguvugu, nimwogeshe mtoto. Upepo ulikuwa mdogo, maji yanatikisika kidogo tu, na mwanga wake ulikuwa ukicheza ukutani: mistari ya weupe juu ya weupe, inakutana, inaachana, inapinda. Mimi nilikuwa jikoni. Niliyemsikia ni wifi yangu akipiga kelele.

"Wifi! Wifi! Toka nje umwone mwanao, anaupiga ukuta makofi!"

Nilitoka. Mtoto alikuwa amesimama ukutani, mikono juu ya ule mwanga, anaupiga unamponyoka, anaupiga tena.

"Nani kamsimamisha?" nikauliza.

"Nani amsimamishe? Alikuwa hapa kwenye kinu, kajishikilia. Kauona huo mwanga, kaachia, kenda. Miguu yake mwenyewe!"

Mama mkwe alishusha ukili wake, akamshukuru Mungu kwa sauti, kisha akanigeukia. "Haya, mwanangu. Mkeka umekwiva."

Ndivyo nilivyopata sababu ya mkeka, na ndivyo nilivyopata nakshi yake. Nilitaka kuusuka ule mwanga. Wifi alinicheka.

"Utautia rangi gani? Dukani mjini kuna zambarau, kuna kijani, kuna nyekundu. Mwanga sijauona ukiuzwa."

Maneno yake yalikuwa ya mzaha, lakini yalinifikirisha, kwa kuwa ni kweli mwanga hauna rangi ya kuchemsha sufuriani. Nilijaribu manjano ya bizari, nikapata mkeka kama pilau. Nilijaribu kuchanganya nyeupe na zambarau, ukawa mzuri lakini umelala, hauchezi. Mwishowe niliacha rangi nikalitazama jani lenyewe. Jani la ukindu lina uso na lina mgongo. Uso unang'aa, mgongo umefifia. Sisi wasukaji tulizoea kulaza uso wote juu, na aliyechanganya alihesabiwa mvivu. Mimi nilianza kuchanganya kwa makusudi: hapa nageuza jani liwe uso, pale naligeuza liwe mgongo, rangi ni ileile moja ya ukindu uliochemshwa na kuanikwa. Ukili ukiutazama juu kwa juu huoni kitu. Ukiuinamisha jua liupige ubavuni, unaona vipande vinavyong'aa na vipande vya kivuli, na ukitikisa mkono vinabadilishana.

Mama mkwe aliushika ukili wa kwanza, akaugeuzageuza machoni. "Nimesuka tangu sijavunja ungo," akasema, "na sikujua kuwa jani linatazama."

Niliusuka kwa miezi. Kazi nyingine sikuziacha, mkeka wa msikitini niliufanyia baada ya udhu na kwa saa ambazo kichwa kilikuwa kimetulia. Kisha nikaanza kushona. Nilikuwa nikipanga mng'ao wa ukili mmoja ukutane na mng'ao wa jirani yake, mistari iungane na kupinda kama ilivyokuwa ukutani. Nilishonea uani mchana, jua likiwa utosini, nimekaa upande mmoja wa mkeka na kuusogeza mbele kadiri ulivyokua. Sikuwahi kuutazama kutoka upande wa pili, tena asubuhi. Hilo ndilo kosa.

Mume wangu aliupeleka siku ya Ijumaa, asubuhi, ili utandikwe safu ya mbele kabla watu hawajaja kwa swala ya Ijumaa. Maalimu wetu, aliyeswalisha na kufundisha chuo palepale msikitini, alikuwa amekaa kibla akiwasomesha wanafunzi. Jua la asubuhi lilikuwa likiingia kwa mlango wa mashariki, limelala chini. Mume wangu aliufungua mtandio uliofungiwa mkeka, akautandika. Maalimu akainua mkono.

"Asikanyage mtu."

Mume wangu alidhani kaona nge.

"Njoo usimame hapa nilipo," maalimu akamwambia. "Soma."

Na mume wangu akasoma. Katikati ya mkeka, kutoka upande wa kibla, mng'ao ulikuwa umesimama wima mara tatu, na baada ya wima ya mwisho umejikunja kama kitanzi. Alifu, lamu, lamu, he. Jina la Mwenyezi Mungu, limeandikwa kwa mwanga, juu ya mkeka wa kukanyagwa.

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Uani kwetu pakajaa wanawake. Wengine walilia kwa furaha, wakasema ni karama. Jirani yetu mmoja, mwanamke mzee, alileta ubani akataka uvukizwe mkeka, kisha utundikwe ukutani msikitini, watu waje kuutazama toka Tanga mjini na Pangani. Wifi yangu hakujizuia.

"Wifi, tulikutuma ukasuke mkeka, umemwandikia Mungu barua?"

"Nyamaza, mtovu wa haya!" mama mkwe akamkemea, kisha akanivuta kando. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Ulikusudia?"

"Wallahi sikukusudia, mama. Nilikuwa nasuka maji."

Mume wangu aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyepewa zawadi. Alisema maalimu ameukunja mkeka akauweka juu ya rafu ya misahafu, na kwamba wazee wengi wanataka utundikwe. "Jina lako litatajwa," akaniambia. Nilimheshimu, naye alikuwa mtu mwema kwangu siku zote, lakini furaha yake sikuweza kuishiriki. Nilichokuwa nacho moyoni kilikuwa ni kimoja: nilisema watu waswali juu yake. Sikusema watu wautazame. Mkeka ukitundikwa ukutani, mimi nitabaki na deni la Mungu, na mtoto anakimbia uani. Na kusuka mwingine si jibu, kwa sababu ule wa kwanza ndio niliounuia tangu jani la kwanza.

Nilimweleza mume wangu hivyo. Alijikuna ndevu. "Basi tutamuuliza mwenye elimu," akasema.

Maalimu alikuja baada ya magharibi, akakaa barazani na mume wangu. Mimi nilikaa ndani nyuma ya pazia la mlango, mama mkwe kando yangu.

"Shikamoo, maalimu," nikamwamkia kutoka ndani.

"Marahaba, mwanangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Maalimu, nadhiri yangu ni ya kuswaliwa. Nikiufumua mkeka, nitakuwa nimelifuta jina la Mungu?"

Maalimu alikuwa na desturi ya kujibu kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe.

"Na mimi jambo hilo limenikosesha raha mchana wote," akasema. "Jina likishasomwa, mimi sithubutu kulikanyaga, na sitamruhusu mtu. Lakini nilipokuwa nawaaga watoto leo niliwaona wanaosha mbao zao. Kila siku naandika aya kwenye ubao wa mtoto, akishahifadhi anauosha kwa maji safi, kesho naandika nyingine. Hakuna aliyewahi kusema tunalifuta neno la Mungu. Tunafuta wino. Sharti ni moja tu, yale maji hayamwagwi njiani."

Mama mkwe alinibana mkono.

"Ukili mmoja mmoja una jina?" maalimu akauliza.

Nilifikiri. "Hapana. Ukili mmoja una mng'ao na kivuli tu. Jina limekuja nilipoziunganisha kili."

"Basi jina liko kwenye mshono. Fumua ukiwa na udhu, na ule uzi usiutupe jalalani. Uzike mahali pasipopitwa na watu. Kisha ushone upya."

"Na hao wanaotaka kuutundika?" mume wangu akauliza.

"Hao nitawajibu mimi. Msikiti una kuta nne na hakuna hata moja iliyoniomba pambo."

Asubuhi iliyofuata mume wangu aliurudisha mkeka nyumbani, tukaufumua. Mama mkwe alikata mshono kwa kisu kidogo, polepole, mimi navuta uzi, wifi anaukusanya kwenye kitambaa cheupe. Yule jirani mzee alikuja akasimama mlangoni akatutazama. "Mmeifukuza baraka," akasema, akaondoka. Maneno yale yaliniuma, sifichi, kwa sababu yeye alikuwa mcha Mungu kuliko wengi, na hakusema kwa ubaya. Uzi tuliuzika nyuma ya nyumba, kwenye pembe ya ukuta pasipo njia.

Kushona upya kulikuwa kazi ngumu kuliko mwanzo. Niliamua kila ukili niusogeze shibiri moja mbele ya mwenzake, ili wima isikutane na wima. Kabla sindano haijaingia tulizilaza kili zote chini asubuhi, jua likiwa bado limelala chini, likipenya kati ya minazi, tukazunguka pande zote nne tukizisoma. Wifi ndiye aliyekuwa mkaguzi, maana alisoma chuoni kunishinda.

"Hapa naona nuni," akasema.

Nilishtuka. "Wapi?"

"Hapa. Na nukta yake hii." Akaonyesha mavi ya kuku.

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Ijumaa ile. Kili mbili kweli tulizisogeza tena, kwa sababu zilijikunja kwa namna iliyotutia shaka, kisha wifi akatoa ruhusa. "Hausomeki popote. Umekuwa mjinga kama mimi."

Na nilipoutazama mimi, niliona jambo ambalo sikulipata mara ya kwanza. Nilipokuwa nikiilazimisha mistari ikutane, ilikutana ikasimama. Sasa iliachana kabla ya kukutana, na macho yako ndiyo yaliyoimalizia. Ukipiga hatua, inahama. Hivyo ndivyo maji yanavyofanya.

Ijumaa ya pili mume wangu aliupeleka. Sikula mchana ule. Wanawake wa kwetu wakati huo hatukuwa tukienda msikitini, kwa hiyo nilichoweza ni kuswali ndani na kungoja. Alirudi taratibu kama anavyorudi siku zote, akavua kofia, akaomba maji ya kunywa.

"Mkeka?" nikamuuliza.

"Umetandikwa safu ya mbele."

"Umesomeka?"

"Haujasomeka."

"Watu wameswali?"

"Wameswali. Na mimi nimesujudu juu yake. Nilitaka kukuletea habari zake, lakini nilipoingia kwenye swala niliusahau." Alikunywa maji yote, akaweka kikombe chini. "Nimemwacha mzee mmoja amelala juu yake, anakoroma. Maalimu kasema aachwe."

Niliingia chumbani nikasujudu sijida ya shukurani. Deni lilikuwa limelipwa, kama nilivyolitamka.

Mola amlipe kheri maalimu yule, na mama mkwe wangu, na wifi yangu mwenye ulimi mkali na moyo laini, na yule jirani aliyetuhofia. Na wewe uliyekaa nami mpaka mstari huu, Mungu akupe nuru usiyohitaji kuionyesha kwa watu, akukubalie unachomnuia, na akikurudisha kufumua ulichokwisha kukishona, akupe mikono yenye subira ya kukishona tena. Amin.