Kamba ya Chandarua Shingoni mwa Popi

Nakumbuka vizuri, mdogo wangu Tekla, ilikuwa Jumapili, saa kumi na moja jioni. Bibi alikuwa amemaliza kuongea na Mzee Fidelis, jirani yetu, aliyekuwa kambini kwake shambani, Idete, kwa msimu wa mpunga. Akanipa simu nimsalimie, kama tulivyozoea kila Jumapili.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huko nyumbani kwema?"

"Kwema, babu."

Nikarudisha simu. Hapo ndipo lilipoanzia hili ninalokuandikia. Unakwenda bweni, na hapa Kibaoni wote wanasema aibu yako umeirithi kwangu. Nina miaka kumi na saba tu, sijafikia umri wa kumpa mtu nasaha, ila kwa jambo hili nimekutangulia. Nivumilie.

Siku ile hakukuwa kwema. Asubuhi yake nilikuwa nimemwona mpwa wa Mzee, aliyeachiwa nyumba, akifunga mlango na kupanda pikipiki na begi lake. Alikuwa amepata kazi Mlimba. Nyuma ya nyumba, upande wa pili wa uzio wetu wa matete, alibaki Popi, mtoto wa mbwa, amefungwa kwenye mlimao kwa kamba iliyosokotwa kwa chandarua kikuukuu. Unajua jinsi chandarua kikisokotwa kinavyokuwa kigumu, hata sisi tunafungia mbuzi.

Sikusema. Niliona kumtaja mpwa ni kumchongea. Nikaona na kuingia kwenye ua wa mtu mzima ambaye hayupo ni kukosa adabu. Basi kila jioni, watu wakiwa ndani, nilimpitishia Popi chakula kwenye tundu la uzio: ukoko wa wali, vichwa vya perege, maji kwenye kopo. Alikula, akakua, nikajiona mtoto mwema kweli. Na kila Jumapili Mzee aliponiuliza, nilimjibu kwema.

Mpunga ulipoanza kuiva, sauti ya Popi ilibadilika. Ikawa nyembamba, halafu ikawa inakwama kama ya mtu mwenye mwiba wa samaki kooni. Udenda ukawa unamtoka. Ikaja harufu. Mtaani watu wakaanza kusema mbwa wa Mzee Fidelis ana kichaa, na Jumamosi moja vijana wa bodaboda wakaja na marungu. Balozi wetu wa nyumba kumi akawaomba wasubiri, akampigia daktari wa mifugo. Akaja mwanamke mfupi, mpole, begi mgongoni.

"Daktari, hicho ni kichaa," alisema Side, kiongozi wa wale vijana. "Sikiliza sauti hiyo. Tummalize kabla hajang'ata mtoto wa mtu."

"Anakula?"

"Nani amsogelee amuulize?" Watu wakacheka.

"Anakunywa maji? Mbwa mwenye kichaa hawezi kuyameza."

Daktari akasema kama hakuna anayemjua huyu mbwa, hawezi kuhatarisha mtaa mzima. Side akaliinua rungu lake begani.

Mimi nilikuwa nyuma ya Bibi. Nilijua. Jana yake tu alikunywa kopo zima. Tekla, nilikuwa nawaza jambo la kipuuzi kabisa: kwamba watu wote watageuka kunitazama.

"Anakunywa," nikasema.

Bibi peke yake ndiye aliyesikia. Akasogea pembeni. "Sema tena. Daktari hasikii kupitia mgongo wangu."

Nikasema tena. Watu wakageuka wote. Daktari akaniambia nimletee Popi maji palepale niyaweke chini. Popi akanywa, taratibu, kwa taabu, lakini akanywa. Daktari akavaa glovu, akamchoma sindano ya usingizi, akapekua manyoya ya shingoni. Kamba haikuonekana. Ilikuwa ndani ya nyama.

Aliikata kipande kwa kipande, akatoa funza kwa koleo dogo, akamchoma dawa. Side aliweka rungu chini, akamshikia taa ya simu. Hakuna aliyecheka tena.

"Nani alikuwa anamlisha?" daktari akauliza bila kuinua kichwa.

"Mimi."

"Ulimlisha vizuri. Mwili umekua. Kamba haikukua."

Hakuwa ananigombeza. Alikuwa anaeleza tu.

Jioni ile nilimpigia Mzee mwenyewe, nikamwambia yote, na la mpwa pia. Akasema, "Mwanangu, nilikuuliza kila Jumapili." Basi. Ningeona nafuu kama angenifokea.

Sasa Popi amenenepa, amechanjwa, anakimbiza kuku wa watu. Shingoni manyoya hayajaota, na sauti haijarudi. Daktari anasema tusiitegemee.

Kwa hiyo mdogo wangu, adabu uliyofundishwa nyumbani usiiache. Wakubwa waamkie, salamu ijibu inavyotakiwa. Lakini ukishasema kwema, usirudishe simu haraka. Vuta pumzi, useme na lile linalokusumbua, hata kama sauti inatetemeka, hata kama watageuka wote. Ukimwona mwenzako anaumia huko bweni, usimsaidie kwa mbali kwa kificho ukadhani umemaliza. Msogelee. Mguse pale panapouma. Mungu akutangulie njiani, akupe watu wanaosikiliza, na akuondolee hii aibu yetu mapema kuliko alivyoniondolea mimi.

Asubuhi iliyofuata ile simu niliyompigia Mzee, sikwenda misa ya kwanza. Nilichemsha maji, nikayaacha yawe vuguvugu, nikatia chumvi, nikavaa glovu alizoniachia daktari. Popi alikuwa kwenye banda la kuku la Bibi, tulikomlaza usiku ule. Aliponiona alitikisa mkia, akafumbua kinywa abweke. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Nikapiga magoti kwenye vumbi la pumba, nikaanza kumwosha.